Nyundo za Piano: Jinsi Sufu Inavyoamua Mlio

Katika ukumbi wa shule moja ya sekondari niliyopata kufundisha palikuwa na piano ya kusimama, ya zamani, iliyotumiwa na kwaya pamoja na wanafunzi wachache wa somo la muziki. Mwaka mmoja, wiki chache kabla ya sherehe za kufunga shule, sauti yake ilianza kulalamikiwa. Si kwamba nyuzi zilikuwa zimelegea, kwani zilikuwa zimelinganishwa miezi miwili tu nyuma. Ila kila kibao kilichobonyezwa kilitoa mlio mkali wa kibati, kana kwamba mtu anagonga sufuria tupu. Akaitwa fundi. Fundi akafungua piano, akatoa sindano, akazidunga nyundo za katikati juu kabisa ya utosi, moja baada ya nyingine, kwa muda usiozidi nusu saa. Ukali ukaisha. Lakini na sauti nayo ikaisha: tangu siku ile vibao vya katikati, ambavyo ndivyo kwaya ivitegemeavyo kuliko vyote, vilisikika kama mtu anayesema huku amejiziba mdomo kwa blanketi.

Shule haikuwa na fedha za kununua nyundo mpya, na nyundo za piano haziuzwi dukani kama misumari. Ilibidi tuulize: fundi yule alikosea nini, na je, kosa lake lingeweza kurekebishwa? Katika kulitafutia jibu swali hilo nilijifunza fizikia ambayo sikuwa nimeifikiria hata siku moja, ingawa nilikuwa nikifundisha sura ya mawimbi ya sauti kila mwaka.

Sifa ya tatu ya sauti

Vitabu vyetu vya fizikia hutaja sifa tatu za sauti ya muziki. Ya kwanza ni kiwango chake, yaani kuwa juu au chini, ambayo hutokana na marudio, au idadi ya mitetemo kwa sekunde. Ya pili ni ukubwa wake. Ya tatu ni ile ambayo walimu wengi huipitia haraka kwa kuwa ni ngumu kuipima: ni ile ladha inayotuwezesha kutofautisha filimbi na zeze, hata vikitoa sauti ya kiwango kimoja na ukubwa mmoja. Ladha hii hutokana na harmoniki. Uzi unaotetemeka mara 262 kwa sekunde, kama ule wa kibao cha 40 cha piano, hautetemeki kwa namna hiyo moja tu; wakati huo huo hutetemeka kwa sehemu mbili, kwa sehemu tatu, kwa sehemu nne, na kuendelea, na kutoa mitetemo ya karibu 524, 786, 1,048 na mingine juu yake. Zikiwa harmoniki za juu ni nyingi na zina nguvu, sauti huwa kali, yenye makali ya chuma. Zikiwa chache, sauti huwa nyororo, na zikikosekana kabisa sauti huwa butu.

Mpiga ngoma yeyote analijua jambo hili bila ya kusoma kitabu. Ngoma ile ile ikipigwa kwa fimbo hulia kwa namna moja, na ikipigwa kwa kiganja hulia kwa namna nyingine. Ngozi haikubadilika, kilichobadilika ni kitu kilichoigusa, na muda kilipoigusa. Fimbo ni ngumu, hugusa na kuondoka mara moja. Kiganja ni laini, huganda kidogo.

Nyundo ya piano iko baina ya hivyo viwili, na hapo ndipo penye kisa chote. Kibao kinapobonyezwa hushuka milimita 10 hivi, nayo nyundo husafiri karibu milimita 46 kuuelekea uzi. Kabla haijafika huachwa peke yake, haishikwi tena na kibao, ili iuguse uzi na kurudi kwa hiari yake. Anders Askenfelt na Erik Jansson wa Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Stockholm, nchini Uswidi, walifanya vipimo vya aina hii katika miaka ya 1980. Muda wa nyundo kugusana na uzi ni kiasi cha sehemu 4 za elfu za sekunde kwa nyuzi nene za chini, na hupungua hadi chini ya sehemu 1 ya elfu kwa nyuzi fupi za juu kabisa.

Sasa na tufikiri pamoja. Tuseme nyundo inagusana na uzi kwa muda wa sehemu 2 za elfu za sekunde. Mtetemo wa mara 500 kwa sekunde huhitaji muda huo huo kumaliza duru moja. Mitetemo iliyo ya haraka kuliko huo huanza kwenda na kurudi wakati nyundo bado imeulalia uzi, na sufu ya nyundo huizima kabla haijapata nguvu. Nyundo ikikazwa hata muda wa kugusana ukawa sehemu 1 tu ya elfu, mpaka huo husogea hadi mitetemo 1,000 kwa sekunde, na harmoniki zaidi hupata nafasi. Mpaka wenyewe si ukuta. Nguvu hufifia hatua kwa hatua. Tena uzi nao huchangia, kwa kuwa wimbi linalokwenda kwenye ncha iliyo karibu hurudi na kuisukuma nyundo. Lakini kwa hesabu ya ubao wa darasani, kanuni hii yatosha: nyundo inayokawia huzaa sauti nyororo, na nyundo inayoondoka upesi huzaa sauti kali.

Mahali pa kupigia pana neno lake pia. Mwaka 1863 Hermann von Helmholtz wa Ujerumani, katika kitabu chake juu ya hisia za sauti, alieleza kwamba watengenezaji wa piano walikuwa wamejifunza kwa uzoefu kuupiga uzi kati ya sehemu ya saba na sehemu ya tisa ya urefu wake. Ukiupiga uzi mahali ambapo harmoniki fulani hutulia, harmoniki hiyo haiamki. Hilo, hata hivyo, huamuliwa kiwandani. Fundi wa piano hawezi kulibadilisha sana. Kilicho mikononi mwake ni nyundo.

Kutoka karatasi hadi sufu

Bartolomeo Cristofori, aliyeunda piano ya kwanza mjini Florence, Italia, karibu na mwaka 1700, hakutumia sufu. Katika piano zake zilizosalia, zote za miaka ya 1720, vichwa vya nyundo ni mizingo midogo ya karatasi iliyofunikwa kipande cha ngozi. Piano za Vienna za wakati wa Mozart zilikuwa na nyundo ndogo za mti zilizovikwa ngozi, na mlio wake ulikuwa mwepesi na dhahiri. Kumbi zilipokuwa kubwa, nyuzi zikafanywa nene na kukazwa zaidi. Leo jumla ya mvuto wa nyuzi zote katika piano kubwa hukaribia tani 20, ndiyo maana fremu yake ni ya chuma. Ngozi haikufaa tena kwa kazi hiyo. Mwaka 1826 Jean-Henri Pape, fundi wa Paris, alipata hataza ya kuvika nyundo felti, na tangu hapo hakuna kitu kilichoishinda.

Felti ni sufu ya kondoo iliyoshikamanishwa bila ya kusokotwa wala kufumwa. (Msomaji wa pwani asichanganye sufu na sufi, sufi ya msufi hujaza mito, lakini haiwezi kuwa nyundo hata kidogo.) Unywele wa sufu una magamba madogo madogo yanayoelekea upande mmoja, kama vigae vya paa. Ukitiwa unyevu na joto na kusuguliwa, nywele hupenyana, na magamba hukataa kurudi nyuma. Mwanafunzi wa nyanda za juu aliyewahi kufua sweta ya sufu halisi kwa maji ya moto, akaikuta imebana na kuwa ngumu, amekwisha kutengeneza felti bila kukusudia.

Kiwandani kipande kirefu cha felti, kinene upande wa besi na chembamba upande wa juu, hupindwa kwa nguvu kuzunguka viini vya mti na kugandishwa kwa gundi na joto, kisha hukatwa nyundo moja moja. Upindaji huo una matokeo mawili. Tabaka za nje huvutika, na tabaka za ndani, zile zilizo karibu na ncha ya mti, hubanwa. Kwa hiyo nyundo si kitu kimoja chenye ugumu mmoja. Ni springi iliyofungwa ndani ya mfuko wake, na ikipoteza mvutano wake haiwi tena nyundo bali kipande cha blanketi.

Wanafunzi wanaoijua Kanuni ya Hooke watapenda kusikia kwamba felti haiifuati. Springi ya kawaida ikibanwa mara mbili zaidi hutoa kani mara mbili zaidi. Felti ya nyundo ikibanwa mara mbili zaidi hutoa kani mara nne, mara nane, hata zaidi, kwa kuwa kipeo katika mlinganyo wake huwa kati ya 2 na 4 hivi badala ya 1. Keti taratibu juu ya godoro kuukuu, utadidimia kwa raha. Jitupe juu yake, utaukuta ubao wa kitanda. Ndivyo nyundo inavyofanya. Mpigaji anapobonyeza polepole, uzi hukutana na tabaka laini za nje. Anapobonyeza kwa nguvu, uzi huzama hadi kwenye tabaka zilizobanwa, nyundo hugeuka kuwa ngumu, na sauti huwa kali zaidi pamoja na kuwa kubwa zaidi. Piano yenye nyundo za ugumu mmoja, hata zingekuwa laini namna gani, ingeimba kwa sauti moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ingechosha.

Kuchagua

Anayenunua nyundo mpya hulazimika kuamua uzito kwanza. Nyundo ya mwisho upande wa besi ina gramu 10 hivi, na ya juu kabisa gramu 4 hivi. Wafanya biashara wa zamani walizitaja kwa ratili, ratili 14, 16 au 18, wakimaanisha uzito wa ubao mzima wa felti uliokatiwa nyundo, si uzito wa nyundo zenyewe. Jambo hili limewachanganya wengi. Nyundo nzito huzipa nyuzi za besi nguvu, lakini hukawia juu ya nyuzi za juu na kuzibuta. Pia huuchosha mkono. Kwa kuwa nyundo husafiri karibu mara tano ya mwendo wa kibao, kila gramu 1 inayoongezwa kwenye nyundo huongeza kama gramu 5 kwenye kidole, na kibao kizuri hutakiwa kushuka kwa uzito wa gramu 50 hivi. Gramu 2 za pupa, basi, huongeza sehemu ya tano ya kazi ya kidole.

Juu ya ugumu, viwanda vyenyewe havikubaliani. Mfano ulio maarufu ni wa kampuni ya Steinway, yenye viwanda viwili, New York na Hamburg. Kwa desturi, Hamburg hutumia nyundo zilizobanwa sana, ambazo fundi huzilegeza kwa sindano. New York hutumia nyundo laini zaidi, ambazo fundi huzikaza kwa kuzinywesha vanishi nyepesi. Njia zote mbili zimetoa piano za kusifika. Mimi naegemea upande wa sindano kwa sababu moja tu: vanishi ikikauka ndani ya sufu haitoki kwa urahisi, na nchi yetu haina mafundi wengi wa kuondoa makosa.

Fundi mwangalifu hanunui seti nzima kwa kuangalia bei. Hutafuta nyundo tatu au nne za mfano, huzifunga kwa muda kwenye besi, katikati na juu, kisha hukaa mbali kidogo na kumwomba mtu mwingine apige.

Sindano na msasa

Kurekebisha mlio si sawa na kulinganisha nyuzi, ingawa watu wengi huona ni kazi moja. Na haianzi na sindano. Kwanza nyuzi zilinganishwe, kwa sababu nyuzi tatu za kibao kimoja zisipopatana hutoa ukali ambao hakuna nyundo itakayouponya. Kisha nyundo zitazamwe utosi. Kila pigo la uzi wa chuma huacha alama, na baada ya miaka alama hizo huwa mifereji mitatu ya kina, ambayo sakafu yake ni felti iliyogandamizwa ikawa kama mti. Hicho ndicho kilichokuwa kikilia kibati katika piano yetu. Dawa yake ni msasa uliogundishwa kwenye kibao chembamba, unaosugua kutoka begani kuelekea utosini, tabaka kwa tabaka, hadi nyundo irudie umbo lake la yai. Mwisho, utosi ulinganishwe na nyuzi ili nyundo iziguse zote tatu kwa wakati mmoja. Mwaka 1977 Gabriel Weinreich, mwanafizikia wa Marekani, alionyesha jinsi nyuzi hizo tatu zinavyosukumana kupitia daraja lao, na jinsi tofauti ndogo baina yao inavyoamua namna sauti inavyofifia: kwanza haraka, halafu pole pole. Nyundo inayougusa uzi mmoja kabla ya wenzake huiharibu hesabu hiyo.

Baada ya hayo yote, sindano. Itazame nyundo kwa ubavu kana kwamba ni uso wa saa ya ukutani, utosi wake ukiwa saa sita. Sindano tatu fupi zilizofungwa kwenye mpini huingizwa mabegani, mahali ambapo mkono wa saa huonyesha saa nne na saa nane, na huingizwa kwa kina zikielekea kwenye kiini. Kudunga huko hulegeza tabaka za ndani, na springi hupata nafasi ya kufanya kazi. Sauti kubwa hupoteza ukelele wake bila kupoteza nguvu. Ikiwa ukali umebaki katika sauti ya kati, fundi hupanda kidogo kuelekea saa tano na saa saba, kwa kina kidogo. Utosi wenyewe huguswa mwisho kabisa, tena kwa ncha tu ya sindano, na pengine hauguswi. Kila baada ya midungo miwili mitatu fundi huirudisha nyundo mahali pake na kuisikiliza, taratibu, kwa nguvu, na taratibu tena. Sindano hukata nywele za sufu, na unywele uliokatwa haushoni tena.

Fundi wetu wa kwanza, basi, alifanya mambo matatu kinyume. Hakusawazisha mifereji. Hakugusa mabega. Alianza pale ambapo wenzake humalizia, akadunga kwa kina.

Jambo la mwisho kabla ya kurudi ukumbini ni hali ya hewa. Sufu hunywa unyevu hata kufikia karibu theluthi ya uzito wake mkavu bila kuonekana imelowa. Katika miji ya pwani, nyundo iliyokuwa na mlio mwema msimu wa kiangazi huvimba na kuwa butu wakati wa masika, na fundi asiyelijua hilo hukaza leo kitu ambacho jua lingekikaza baada ya miezi miwili. Nondo nao hupenda sufu. Mabuu yao hula nyundo kimya kimya. Taa ndogo ya umeme iwakayo ndani ya piano, chini, mbali na mti na nguo, hupunguza unyevu, na wengi hufanya hivyo.

Yafaa niseme pia, kwa kuwa historia inatuhusu, kwamba pwani yetu iliwahi kuwa sehemu ya piano za dunia. Katika karne ya 19 meno ya tembo yaliyobebwa mabegani kutoka bara, kupitia Tabora hadi Bagamoyo, yalivushwa Unguja na kupelekwa Connecticut, Marekani, katika miji ya Deep River na Ivoryton, yakakatwa vipande vyembamba vya kufunika vibao. Wapagazi wengi walifia njiani, na tembo hawahesabiki. Vipande vile havikuongeza chochote katika mlio. Vilikuwa vya kupendeza kidole tu, na leo plastiki hufanya kazi hiyo.

Somo la kufanya darasani

Mwalimu asiye na piano anaweza kuyaonyesha haya yote kwa uzi wa chuma uliovutwa juu ya ubao, kama sonomita ya maabara. Upigeni kwa msumari, kisha kwa kifutio cha penseli, kisha kwa kijiti kilichozungushiwa kitambaa mara tano, mahali pale pale na kwa nguvu ile ile kadiri iwezekanavyo. Kisha hamisheni mahali pa kupigia, kutoka katikati hadi karibu na ncha. Wanafunzi waandike wanachosikia kabla ya mwalimu kuwaeleza wanachopaswa kusikia. Darasani mwangu kijana mmoja alikizungushia kijiti chake nyuzi za sweta, akakilowesha na kukikausha mara kadhaa. Mlio wake ulitushangaza sote.

Fundi wa pili alikuja mwezi mmoja baadaye, mzee asiyependa maneno. Kwa muda wa saa nzima hakutoa chombo chochote. Alibonyeza vibao tu na kuweka alama za chaki. Siku ya kwanza ilikwisha kwa msasa peke yake. Siku ya pili alidunga mabega ya nyundo za besi na za juu, ambazo mwenzake hakuwa amezigusa. Zile za katikati alizikwangua hadi akaondoa tabaka iliyochanika, akazipitishia pasi ndogo yenye joto ili kuzikaza, na tano kati yake akazipa matone machache ya vanishi, kwenye mabega, si utosini. Alituambia kwamba hizo tano hawezi kuziahidi. Nyundo iliyolegea hukaza tena kidogo kidogo kwa kupigwa, akasema, hivyo tuzipige.

Tulizipiga. Baada ya mwaka mmoja tatu zilikuwa zimerudi kiasi cha kutojulikana kwa mgeni. Mbili, kibao cha 40 na jirani yake wa kuume, bado ziko nyuma ya wenzake, na mwalimu wa kwaya amezoea kuvibonyeza vibao hivyo kwa nguvu zaidi.